Andalio langu lilikuwa la mkaguzi, si la watoto

Miaka yangu sita ya kwanza ya ualimu, maandalio ya somo niliyaandika Jumapili usiku kwa kalamu mbili, bluu na nyekundu, mistari imepigwa kwa rula. Malengo, vifaa, hatua, dakika. Mkuu wa taaluma aligonga muhuri wake na kunisifu, "Madamu, daftari lako ni la maonyesho." Chini kabisa ya ukurasa kuna nafasi ya tathmini ya mwalimu. Hapo niliandika, wiki nenda wiki rudi, "Somo limefanikiwa." Mara nyingine niliandika kabla hata sijaingia darasani. Msinicheke, walimu wenzangu, nimeyaona na madaftari yenu.

Nafundisha Kiingereza S2, yaani kidato cha pili, hapa Busia, upande wa Uganda. Watoto wangu nyumbani wanasema Kisamia au Kiteso, sokoni wanachuuza kwa Kiswahili, na Kiingereza wanakikuta wakishavuka geti la shule. Siku iliyonizindua nilikuwa nimefundisha namna ya kuuliza kwa adabu. "Could you tell me where the office is, please?" Waliitikia kwa sauti moja, safu kwa safu, wavulana kisha wasichana, mpaka jirani yangu wa hesabu akafunga dirisha. Nikatoka nimeridhika.

Saa sita mgeni mmoja akafika getini. Akamkuta binti wa darasa langu, yule ambaye mkono wake hauteremki, akamuuliza kwa Kiingereza ofisi iko wapi. Neno kwa neno, karibu sawa na sentensi ya ubaoni. Binti akamtazama mgeni, akavitazama viatu vyake mwenyewe, kisha akatoka mbio. Dakika arobaini nzima alikuwa akiuliza swali hilo. Hakuna aliyewahi kumjibu, wala yeye hakuwahi kuulizwa.

Kesho yake niliweka simu mezani irekodi kipindi, jioni nikaisikiliza huku nachambua mchele. Katika dakika 40, mimi nilisema 31. Zilizobaki tisa ukiwagawia wanafunzi 84, kila mtoto anapata kama sekunde sita. Na hizo sita nazo ni za kuitikia. Ukitaka kujua ukweli wa darasa lako, jirekodi mara moja tu. Inauma, lakini hakuna mkaguzi atakayekwambia zaidi ya hapo.

Wanaisimu walishalisema jambo hili zamani. Dell Hymes, Mmarekani, alikuwa akieleza tangu miaka ya 1960 kwamba kujua sarufi pasipo kujua useme nini, kwa nani na wakati gani, ni kujua nusu. Huo ndio umilisi wa mawasiliano, na juu yake ukajengwa ufundishaji wa kimawasiliano tuliosomea chuoni. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani wake. Darasani nilikuwa bado kiongozi wa kwaya.

Nilichobadilisha kwanza ni andalio lenyewe. Safu ya "shughuli ya mwalimu" niliibana, nikafungua safu yenye maswali matatu kwa kila hatua: nani anasema na nani, wanasema kuhusu nini, na kwa nini anayeuliza hajui jibu tayari. Swali hilo la tatu ndilo lililofukuza nusu ya shughuli zangu. Mwalimu akishika kalamu juu na kuuliza "What is this?", darasa zima linajua ni kalamu, na mwalimu anajua kwamba wanajua. Hayo si mazungumzo. Lazima pawe na pengo: mmoja ana taarifa, mwenzake anaihitaji, na njia ya kuipata ni kusema.

Basi nikatengeneza kadi. Kadi A ni ya mchuuzi wa upande huu, ina bei za vitunguu, nyanya na trei ya mayai kwa shilingi za Uganda. Kadi B ni ya mnunuzi kutoka ng'ambo, ana shilingi za Kenya na orodha ya kununua. Wapatane bei. Niliona nimepata dawa. Baada ya dakika tatu dawati la kwanza likapiga kelele, "Tumemaliza, Madamu!" Walikuwa wameweka kadi mbili ubavu kwa ubavu, wakapiga hesabu, na kupatana wakapatana kwa Kiswahili, tena vizuri mno. "Punguza, mama, mimi si ni mteja wako?" Umilisi wa mawasiliano ulijaa darasani, ila haukuwa wa Kiingereza.

Jioni hiyo ndipo nilipoandika tathmini yangu ya kwanza ya kweli. "Kadi zinaonekana. Halafu, nani ananunua nyanya Busia kwa Kiingereza?" Nilikuwa nimewapangia uongo, na watoto waliugundua haraka kuliko mimi. Hapa Uganda Kiingereza kina kazi pale ambapo watu wawili hawana lugha nyingine ya pamoja. Kwa hiyo wiki iliyofuata kadi B ikawa ya nesi aliyehamia juzi kutoka Mbarara, magharibi mwa Uganda, hajui Kisamia wala Kiswahili, ana fomu yenye nafasi tupu. Kadi A ni ya dada aliyemleta mdogo wake: ameanza kuugua lini, anatapika mara ngapi, amekunywa dawa gani, mzio upo au haupo. Wakae migongo ikigusana, ili kadi isionekane na sauti itoke. Mwishoni tunalinganisha fomu na kadi. Nesi mmoja alijaza kwamba mgonjwa ana miaka arobaini badala ya minne. Darasa lilianguka kwa kicheko, na tofauti ya "four" na "forty" sikuhitaji kuifundisha tena.

Kabla ya kuanza niliwapa dakika nne wajipange kwa Kiswahili: tutahitaji kusema nini, neno gani hatuna? Maneno yaliyokosekana yakaja ubaoni. Hapa ndipo wenzangu wengi wananigeuka, kwani wengi wetu tulilelewa na kibao cha shingoni, kile cha kumvalisha aliyesema lugha ya nyumbani. Imani kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza peke yake ina historia hapa hapa kwetu. Januari 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili, na mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua misimamo mitano aliyoihusisha na mkutano huo, huu ukiwamo, akaiita potofu. Sisemi kila alichoandika ni sahihi. Nasema tu kwamba dakika nne za Kiswahili ziliniletea dakika kumi na tano za Kiingereza, ilhali kabla yake nilikuwa na sekunde sita.

Na makosa? "My brother is vomiting since yesterday." Mkono wangu ulikuwa ukiwasha. Siku hizi nazunguka na kipande cha karatasi, naandika ninayoyasikia, simkatizi mtu. Dakika tano za mwisho naweka sentensi nne ubaoni bila majina na darasa linazitengeneza. Sisi watu wa Busia tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Waendesha baiskeli wa mpaka wetu walikuwa wakiita abiria "border! border!", neno likapindika kuwa boda boda, na leo limeenea Afrika Mashariki yote. Angekuwepo mwalimu wa kuwasahihisha matamshi kila walipofungua mdomo, abiria wangeenda kwa miguu.

Kelele zipo, siwadanganyi. Jirani wa hesabu alikuja mara mbili. Tulikubaliana: shughuli za sauti nazipeleka chini ya mwembe, au kwenye vipindi ambavyo darasa lake halimo. Wingi wa watoto nao una ujanja mdogo: sihamishi madawati, dawati la kwanza linageuka kutazama la pili, la tatu linageukia la nne, basi. Kipindi cha baada ya posho, yaani ugali, na maharage usipange kusikiliza wala kusoma kimya. Watalala, na wewe utalala.

Sasa nije kwenye tafakuri, yaani mwalimu kujiuliza somo lake limekwendaje. Donald Schön, mwanafalsafa Mmarekani, mwaka 1983 alitenganisha kutafakari ukiwa ndani ya kazi na kutafakari kazi ikishaisha. Ya kwanza ni pale unapoona kadi zimewekwa ubavu kwa ubavu na unasema papo hapo, "Geukeni, gusanisheni migongo." Hiyo inakuja na uzoefu. Ya pili inahitaji daftari, na ugonjwa wetu ni kwamba tunaiandika mwisho wa wiki, tumeshasahau. Mimi naiandika nikiwa bado nimesimama, chaki mkononi, mistari mitatu tu: kilichonishangaza, nani hakusema, na nitakachobadilisha kipindi kijacho. Sifa siandiki. Mstari wa pili ndio mgumu zaidi, maana waliosema unawakumbuka wote, na ambao hawakusema hata sura zao huzioni vizuri. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba binti wa dawati la mwisho karibu na mlango jina lake linarudi kila mara. Nilidhani ni mzito wa Kiingereza. Siku nilipomkalisha na wenzake wawili tu, nikagundua alikuwa akisubiri nipite mbali.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza 2020, unatuunga mkono kuliko tunavyodhani. Unadai umahiri, na asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, inatokana na kazi za darasani anazotathmini mwalimu mwenyewe. Utamtathminije mtoto ambaye hujawahi kumsikia?

Muhula uliopita mkuu wa taaluma alinirudishia daftari bila muhuri. Akaniita ofisini, akafungua kurasa moja baada ya nyingine, kidole kikiteremka kwenye nafasi ya tathmini. "Madamu, kuna tatizo nyumbani? Mbona tangu shule zifunguliwe huna somo hata moja lililofanikiwa?" Nikamgeuzia ukurasa wa Jumanne ya wiki ya saba. Paliandikwa kwa chaki iliyopaka karatasi: "Wa mlangoni amesema sentensi mbili. Ya pili alimkatiza mwenzake. Alhamisi awe nesi." Akasoma mara mbili, akauliza wa mlangoni ni nani, kisha akavuta kidau cha wino.