Maswali ya Wasomaji: Besi na Tena Wananishinda

SWALI: Naongoza kwaya ya parokia hapa Jinja, waimbaji 20. Tunasikia Justinian Tamusuza aliwaandikia wapiga fidla wa ng'ambo muziki wenye ladha ya Kiganda. Alifikaje huko? Nami nimetunga wimbo wa kusukana sauti kama amadinda, marimba ya Kiganda, lakini kila tukiimba, baada ya mistari miwili waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) na wa besi wanaangukia pigo moja.
Mwongozaji, Jinja

JIBU: Tamusuza, mzaliwa wa 1951, alianzia masomo Kampala, akaenda Queen's University, Belfast, alikofundishwa na Kevin Volans wa Afrika Kusini, kisha akapata udaktari Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Amefundisha pia Makerere. Kilichomtangaza ni Mu Kkubo Ery'Omusaalaba (Katika Njia ya Msalaba) ya 1988, kwa fidla mbili, viola na selo. Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga ala hizo nne, waliirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu yao ya 1992.

Sasa kwaya yako. Kosa, ndugu, huenda liko mkononi mwako. Kwenye amadinda ya vibao 12, omunazi, mpigaji wa kwanza, huanza peke yake, omwawuzi, wa pili, akafuata kwa kugonga katikati ya mapigo ya mwenzake. Hakuna anayejiona yuko nyuma. Kila mmoja hulishika pigo lake kama ndilo kuu. Wewe ukipunga mkono mkubwa kwa ajili ya tena, besi watavutwa huko huko, hasa waliolelewa na solfa (do, re, mi).

Acheni maneno kwanza. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika; waimbaji wa tena wapige makofi kila mlio, mizunguko minane. Besi waingie katikati, nao wahesabu "moja" yao wenyewe. Zima metronomu, kaa kitako, usiongoze. Wakishikilia mizunguko minane mingine, panda hadi 65, na kuendelea hivyo. Sehemu ya omukoonezi, mpigaji wa tatu, yenye nota mbili tu za juu, wape soprano watatu wenye masikio, na waingie mwisho. Wote 20 wakiivamia, itameza zilizo chini yake.

Maneno yakirudi, angalia urefu wa nota. Kwa Luganda, okusika ni kuvuta. Ukiivuta irabu ya kati inakuwa okusiika, kukaanga. Na konsonanti nzito, inayoandikwa mara mbili, isipotamkwa kwa mkazo, okutta, kuua, inasikika okuta, kuachia. Kwenye zaburi hiyo si kasoro ndogo. Pale nota inapogombana na neno, badilisha nota.