Dirisha linaganda? Weka after mahali pa sleep

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza kuandika programu za kompyuta ni hili: mbona dirisha linaganda nikibofya kitufe? Wengi wanatumia Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha na vitufe, na ukifungua kodi yao unaikuta time.sleep, amri ya kusimamisha programu kwa muda, au kazi nzito ya hifadhidata, imekaa ndani ya funksheni ya kitufe.

Ukishaita mainloop, mzunguko wa Tkinter unaosubiri matukio, thredi moja (mkondo mmoja wa utekelezaji) ndiyo inayofanya yote: kupokea mibofyo, kuchora dirisha upya, kuita funksheni zako. Funksheni ikiishikilia thredi hiyo, vingine vyote vinasubiri. Kwenye Windows, dirisha lisiloitikia kwa sekunde 5 linapauka na kuandikwa kwamba halijibu. Muuza duka hajui thredi ni kitu gani. Anachojua ni kwamba programu imekufa, kwa hiyo anaizima kwa nguvu na mauzo aliyokuwa akiingiza yanapotea. Akivumilia, mibofyo aliyoirudia huwa imepanga foleni, na risiti inatoka mara mbili.

Basi funksheni inayoitikia tukio ifanye kazi fupi na kurudi. Cha baadaye kikabidhi kwa after:

root.after(1000, onyesha_saa)

Hapo unaiambia Tkinter: zikipita milisekunde 1000, ukipata nafasi, niitie onyesha_saa. Jina halina mabano. Ukiandika onyesha_saa() inaitwa papo hapo, na kama hairudishi kitu, after inapokea None, yaani hakuna kitu. Kumbe after isiyopewa funksheni husimamisha programu kwa muda uliotajwa, sawasawa na sleep uliyokuwa unaikimbia!

Hayo maneno "ukipata nafasi" yazingatie sana. Taima haiwahi kabla ya muda, lakini inaweza kuchelewa. Ukitengeneza saa ya kupima muda kwa kuongeza 1 kila after inapoita, ucheleweshaji mdogomdogo unajumlishana na saa inabaki nyuma. Hifadhi time.monotonic() mwanzoni, kisha kila unapochora toa muda wa mwanzo kwenye muda wa sasa. Nasema monotonic kwa sababu saa ya kawaida ya kompyuta mtu anaweza kuibadilisha katikati ya kazi.

Ninapoipenda zaidi after ni kwenye kisanduku cha kutafuta. Mfamasia akiandika "paracetamol", herufi 11, na kila herufi ikipeleka ombi kwenye hifadhidata, kuandika kwenyewe kunakuwa kuzito. Ngoja atulie kidogo:

def herufi_imeandikwa(self, tukio):
    if self.subira:
        self.root.after_cancel(self.subira)
    self.subira = self.root.after(300, self.tafuta)

Kila herufi inafuta subira iliyotangulia na kuanza nyingine. Akipumzika milisekunde 300, ndipo ombi moja linakwenda. Ndani ya tafuta, anza kwa kurudisha self.subira kuwa None.

Kitambulisho kinachorudishwa na after, kile tulichokiweka kwenye self.subira, kitunze daima, si kwenye kutafuta tu. Kitufe cha Anza kikibofywa mara mbili bila kuifuta ya kwanza, taima mbili zinakimbia sambamba. Na dirisha likifungwa, ifute ndani ya funksheni uliyoiunganisha na WM_DELETE_WINDOW (ujumbe wa kufunga dirisha), la sivyo taima inaweza kuamka na kugusa kitu kilichokwisha kuondolewa.

Kazi ndefu kweli, kama kupakua faili, ipe thredi yake. Thredi hiyo isiguse kitufe wala lebo: iweke matokeo kwenye queue.Queue, foleni ya Python ya kupitishia data kati ya thredi, kisha after iichungulie kila milisekunde 100 kwa get_nowait, si get, maana get husubiri na dirisha litaganda tena. Wa Java, kwa Swing (maktaba ya madirisha ya Java) chukua javax.swing.Timer, uiache java.util.Timer, kwa kuwa hiyo ya pili huendesha kazi kwenye thredi yake yenyewe, nje ya ile ya dirisha.