Jipu la simbilisi: weka wembe chini, na zile kapsuli pia

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Iringa mjini. Binti yangu wa darasa la nne anafuga simbilisi jike anayeitwa Karanga, alipewa na bibi yake wa Makete. Juzi juzi tulimwona ana uvimbe chini ya taya, upande wa kushoto, mgumu, ukubwa wa gololi. Mume wangu akasema hilo ni jipu, litumbuliwe kwa wembe. Kabla hatujakubaliana likapasuka lenyewe usiku, asubuhi tukakuta manyoya yamegandamana na usaha mweupe unaonuka. Nilimsafisha kwa spiriti, akapiga kelele mpaka mtoto naye akalia. Sasa kidonda kimefunga kigaga lakini uvimbe bado upo. Duka la dawa za mifugo wameniuzia oksitetrasaiklini ya sindano, na nyumbani nina kapsuli za amoksilini zilizobaki. Nimpe ipi? Nimsafisheje? Na je, mtoto anaweza kuambukizwa? Anakula, ila si kama zamani.
Mama Karanga (ndivyo mtaa unavyoniita siku hizi), Iringa

JIBU: Marahaba, Mama Karanga. Naanza na dawa, maana majipu simbilisi wengi huyavuka, ila dawa ya duka ndiyo huwamaliza. Usimpe ile sindano, wala zile kapsuli. Hata robo yake.

Simbilisi anaishi kwa majani, na majani hayo huchachushwa na vijidudu vyema vilivyojaa kwenye utumbo wake mpana. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamisini, erithromisini na jamii ya tetrasaiklini huviua vijidudu hivyo, kisha nafasi yao hushikwa na bakteria wa jamii ya klostridia, ambao hutoa sumu. Mnyama anaacha kula, tumbo linajaa gesi au anaharisha, na baada ya siku chache amekufa. Mwenye mnyama atakwambia jipu limemuua. Simlaumu muuza duka. Soma karatasi ya dawa ile, utaona ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Simbilisi hayumo. Na ile dawa ya kupuliza ya bluu ambayo kila mfugaji anayo ghalani, nyingi zina tetrasaiklini hiyo hiyo ndani yake. Ukimpulizia chini ya taya, mwenzake atairamba.

Dawa ambazo simbilisi huzivumilia zipo: enrofloksasini na kotrimoksazoli ndizo ninazoandika mara nyingi. Sikuandikii kipimo hapa, na nina sababu. Simbilisi mzima wa kienyeji mara nyingi hafiki hata kilo moja, kwa hiyo tone moja zaidi kwake ni jambo kubwa. Mpime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, nenda nao kwa daktari wa mifugo. Bwana mifugo wa kata anaweza kukuelekeza aliko daktari aliyezoea wanyama wadogo, na mlio karibu na Morogoro mnayo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu. Akihitaji kutulizwa, daktari atampa meloksikamu.

Sasa Baba Karanga na wembe wake. Tangu kutumbua majipu kuingie kwenye siasa zetu mwaka 2015, kila mwenye wembe mfukoni anajiona mtaalamu. Chini ya taya ya simbilisi kuna mishipa mikubwa ya damu, tezi za mate na koo, vyote ndani ya eneo dogo kuliko kidole gumba. Isitoshe, si kila uvimbe ni jipu. Daktari huingiza sindano nyembamba kwanza aone kinachotoka: usaha, maji, mafuta, au damu. Likiwa jipu, kazi nzuri zaidi ni kulitoa zima na kifuko chake, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Nakueleza kuhusu kifuko kwa sababu ndicho kitakachokusumbua. Mwili wa simbilisi hulizungushia jipu ukuta mgumu, na usaha wake ni mzito, haumwagiki kama ule wa ng'ombe. Ndiyo maana limepasuka na bado uvimbe uko pale pale. Kilichotoka ni kile kilichokuwa mlangoni tu.

Na kigaga ulichofurahi kukiona ndicho adui yako wa wiki hii. Kidonda cha namna hii kinatakiwa kipone kuanzia chini kupanda juu. Ngozi ikifunga mapema, usaha unabaki ndani na jipu linarudi kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo mpaka umfikishe kwa daktari, na hata baada ya hapo, kazi yako ni kuuacha mlango wazi na kuosha ndani.

Chemsha maji, yaache yapoe hadi vuguvugu. Kwenye glasi ya robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikwanguliwe juu, koroga iyeyuke yote. Kwenye kikombe kingine changanya ile dawa ya kahawia ya iodini ya famasi (povidoni, si ile ya spiriti), sehemu moja kwa sehemu kumi za maji yaliyochemshwa, ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Ikiwa nyeusi umezidisha, ongeza maji. Nunua bomba la sindano la mililita 10, sindano yenyewe weka pembeni, huihitaji. Spiriti rudisha kabatini. Inachoma kama ulivyosikia, na inaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Maji ya oksijeni nayo ni vivyo hivyo.

Kaeni sakafuni, wawili. Simbilisi akiruka kutoka mapajani mwa mtu aliyekaa kitini anavunjika. Mviringe kwa taulo abaki kichwa nje, mmoja amshike akiwa ameegemea kifua, kidevu kimeinuliwa kidogo. Usimlaze chali. Binti ndiye ashike jani la giligilani mbele ya pua yake. Si mapambo hayo, simbilisi anayetafuna hutulia. Kata manyoya kuzunguka kidonda kwa mkasi wenye ncha butu, maana manyoya yakiingia tundu­ni huanzisha usaha upya. Loweka gozi kwenye maji ya chumvi, wekelea juu ya kigaga dakika tano hivi, ukibadilisha likipoa. Kigaga kikilainika kiinue kutoka ukingoni. Kisipotoka, loweka tena, usikibandue kwa kucha.

Futa usaha uliojitokeza, lakini usiminye. Najua mkono unawasha, kila mtu anataka kuminya. Ukiminya, ukuta ule unaweza kupasukia ndani na uchafu ukaingia kwenye damu. Sogeza mdomo wa bomba kwenye tundu, kichwa kiinamie upande wa kidonda ili maji yatoke nje, kisha sukuma polepole. Utaona vipande vyeupe vikitoka na maji. Rudia mpaka maji yatoke safi, malizia kwa bomba moja la ile iodini, kausha manyoya kwa kitambaa safi. Usizibe tundu kwa pamba, nyuzi zake hubaki ndani. Usimfunge bandeji shingoni. Fanya hivi asubuhi na jioni.

Ukiona maji unayoingiza kidondani yanatokea mdomoni au puani, acha hapo hapo. Maana yake jipu limetoboa hadi kinywani, na pengine chanzo chake ni mzizi wa jino. Meno ya simbilisi huota maisha yake yote, na jino bovu likishaingiza uchafu kwenye mfupa wa taya, hakuna kuosha kutakakolimaliza. Inabidi picha ya eksirei na kung'oa jino. Dalili nyingine za jino ni kudondosha chakula, kidevu kulowa mate, na kuchagua vilaini tu. Hili la Karanga kula "si kama zamani" lichunguze kwa macho hayo.

Watu wataniuliza kuhusu asali. Asali inasaidia vidonda, sibishi. Lakini nyumbani kwako itavuta siafu na inzi, na inzi ndio hatari yenyewe: wakitaga kwenye kidonda chenye harufu, mabuu wanaanza kula nyama hai ndani ya siku moja au mbili. Funika kibanda kwa kipande cha chandarua. Ondoa maranda ya mbao kwa sasa, mtandikie magazeti na kitambaa cha pamba, ubadilishe kila siku. Kama ana mwenzake, watenganishe kwa wavu waweze kuonana, kwa sababu simbilisi akikaa peke yake kabisa hunyong'onyea na kuacha kula.

Suala la kula, tafadhali lichukulie kwa uzito kuliko kidonda. Utumbo wa simbilisi haujaumbwa kusimama. Akipitisha nusu siku bila kutia kitu mdomoni, saga chakula chake cha punje, kilainishe kwa maji, umlishe kwa bomba kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, huku unatafuta usafiri wa kwenda kwa daktari. Mpime kila asubuhi. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usisubiri kesho.

Halafu vitamini C. Simbilisi, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini, na bila hiyo nyama haifungi. Mgonjwa anahitaji zaidi ya mzima. Kidonge cha miligramu 100 kigawe vipande vinne, saga kipande kimoja umpe kila siku na tone la maji. Usikitie kwenye chupa ya maji ya kunywa, nguvu yake hupotea upesi. Chukua kidonge cha vitamini C peke yake, si vile vyenye mchanganyiko wa A na D. Pilipili hoho, mchicha kidogo na kipande chembamba cha pera vitaongezea.

Mtoto wako: bakteria anayesababisha sana majipu haya ya shingoni ni wa jamii ya streptokoka, na mara chache huweza kumpata mtu. Binti aendelee kumlisha na kumsemesha, ila kidonda ukiguse wewe, na wote mnawe kwa sabuni. Gozi zenye usaha choma. Swali ambalo hukuniuliza ni bakteria huyo aliingiaje. Mara nyingi ni mchubuko mdomoni. Kagua anacholala juu yake na anachotafuna: mabua makavu ya mahindi, nyasi zenye masuke yanayochoma, waya uliokatika kibandani. Simbilisi wa jikoni kwa bibi Makete hula maganda na majani laini. Huyu wa mjini huenda anapewa mabua yaliyokauka kwa sababu ndiyo yanayopatikana.

Kidonda kikienda vizuri utaona tundu linapungua kina, ndani pana rangi ya waridi, harufu imekwisha. Kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili. Papase mahali pale kila wiki hata baada ya kupona, maana majipu haya yana tabia ya kurudi.

SWALI: Hujambo daktari. Simbilisi wangu wa kiume ana uvimbe mgongoni karibu na nyonga. Haumuumi, unatoa kitu cheusi chenye mafuta. Niuoshe kama jipu?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kwa maelezo yako sidhani kama ni jipu. Mgongoni na nyongani simbilisi hupata sana uvimbe wa vinyweleo, usio wa saratani, unaojaa uchafu wa mafuta na wakati mwingine kupasuka. Hutolewa kwa upasuaji mdogo. Ila kama ni mwisho kabisa wa mgongo, pale ambapo mkia ungekuwa, hiyo ni tezi ya mafuta, na madume hujipaka nayo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza vizuri, basi. Mwonyeshe daktari akuhakikishie ni lipi kati ya mawili.

SWALI: Daktari, habari. Tunafuga dende, ndio simbilisi kwa jina la huku kwetu, kwa ajili ya nyama, wako wengi pamoja na sungura. Sasa kadhaa wamevimba shingo. Tunaweza kuwala?
Mfugaji, Bukavu

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Shingo kadhaa kuvimba kwa pamoja ni ugonjwa unaosambaa, ule ule wa streptokoka, kwa kugusana na kwa hewa. Waliovimba watoe kundini leo, na usiwazalishe tena hata wakipona, kwa kuwa wengine hubaki wamebeba bakteria. Kuosha jipu moja moja kwenye kundi kubwa ni kazi isiyo na mwisho. Kwa mfugaji wa nyama mimi hushauri wachinjwe na kufukiwa, wasiliwe, kwani jipu la shingoni linaweza kuwa na wenzake kwenye mapafu na ini. Vaa glavu. Banda lipigwe deki kwa maji ya jiki, likauke juani kabla ya kurudisha wazima. Na sungura wahamishe banda lao wenyewe, hata wakionekana wazima: wao hubeba puani bakteria wa bordetela asiyewadhuru sana, lakini kwa dende huleta nimonia.