Vichwa vyauma ofisini, nje vyapoa: kosa ni la kiyoyozi au la nyumba?

SWALI

Assalamu alaikum. Ofisi yetu iko ndani ya nyumba ya kale ya mawe hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Chini tuko watu sita katika chumba kimoja kirefu. Mwaka jana mwenye nyumba alifunika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kwa mabati ya plastiki ili mvua isiingie, akapaka kuta rangi mpya, na ofisi ikafunga AC. Tangu hapo, ikifika saa tano asubuhi vichwa vyauma, macho yawasha, mtu asinzia mbele ya kompyuta. Tukitoka kununua chai, kichwa chapoa. Chumba kinanuka uvundo ingawa twasafisha kwa jiki kila siku, na mwenzetu mwenye pumu amezidiwa. Umeme ukipotea, jenereta huwashwa kichochoroni. Mkuu wetu asema AC ndiyo iletayo hewa safi, kwa hiyo madirisha yasifunguliwe, na asubuhi tufukize udi kuondoa harufu. Je, ni kweli? Na tutarekebishaje bila kuharibu nyumba ya watu wala mazingira?

Msomaji, Lamu

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Niruhusu nianze na jenereta, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili tatu, hilo halingoji kesho. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia mwilini hushika mahali pa oksijeni kwenye damu. Dalili zake za mwanzo ndizo hizohizo ulizoandika: kichwa kuuma, usingizi, na pengine kizunguzungu na kichefuchefu. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, moshi hauna pa kutawanyikia. Hupanda na ukuta ukaingia dirisha la kwanza ulikutalo, liwe lenu au la jirani aliyelaza mtoto. Ulizaneni: je, vichwa huuma zaidi siku za umeme kupotea? Hata jibu likiwa hapana, jenereta itoke kichochoroni leo. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na madirisha na milango ya kila mtu, bomba la moshi lielekee kule upepo unakokwenda. Na mkumbuke upepo wetu hugeuka. Mahali palipo salama kusi ikivuma huenda pakawa pabaya wakati wa kaskazi. Nunueni na king'ora cha kaboni monoksaidi, ni kidude kidogo cha betri. Mtu akichanganyikiwa au akizimia, mtoeni nje kwanza kisha mkimbizeni hospitali. Msimpe dawa ya kichwa mkamwacha alale.

Sasa kiyoyozi. Aliyoyasema mkuu wako yanaaminiwa na watu wengi sana, na ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoitwa kuyatazama maofisini hapa pwani. Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye sanduku moja ndani na jingine nje, hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Mabomba ya shaba yanayopita ukutani hubeba gesi ya kupozea, na ule mpira mwembamba hutoa maji. Hewa ya chumbani huvutwa juu ya sanduku, ikapozwa, ikarudishwa mlemle. Hewa mliyoipumua saa tatu ndiyo mnayoipumua saa tano, tofauti ni kwamba imepoa.

Tupige hesabu. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazivushwi upana mkubwa, kwa kawaida hazifiki mita tatu. Tuseme chenu kina upana wa mita 2.7, urefu wa mita 7 na kimo cha mita 3.5. Hizo ni mita za ujazo 66, yaani 11 kwa kila mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka zisipungue 10, kwa hiyo kwa nafasi mmepita. Lakini sheria hiyohiyo yataka chumba cha kazi kipate mzunguko wa hewa safi wa kutosha, na hapo ndipo mlipoanguka. Mtu aliyeketi akifanya kazi hutoa karibu lita 18 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Watu sita, lita 108. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo katika kila milioni. Chumba kama hicho kikizibwa kabisa, saa moja yatosha kupita 2,000. Kweli hakuna chumba kisichopenyeza hewa chini ya mlango, lakini mnakoelekea ni huko. Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza mwaka 1858 kwamba chumbani isizidi 1,000, na wahandisi wa hewa bado huitumia namba hiyo kama kipimo cha kuanzia. Kwa viwango hivyo gesi yenyewe haiui mtu. Twaipima kwa sababu ikirundikana, basi na vingine vinavyotoka kwenye rangi, samani na kuvu vimerundikana nayo.

Dawa yake ni kubadilisha hewa. Lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu ni lengo zuri, na kwa watu sita hiyo ni mita za ujazo 216 kwa saa. Feni ya kutolea hewa ya inchi 6 huweza kuifanya kazi hiyo, ila soma kibandiko chake kabla ya kulipa. Ifungwe juu, karibu na dari, upande mmoja wa chumba, na hewa ya kuingia itoke upande wa pili. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, fungueni madirisha yote na pangaboi lizunguke kwa kasi.

Lakini msije mkafungua madirisha kutwa nzima huku kiyoyozi kimewekwa digrii 18. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ikigusa ukuta uliopoa sana hugeuka maji, na maji ukutani ni kuvu baada ya siku chache. Wekeni 25 au 26, pangaboi lisaidie, na siku ambazo kuna upepo mzuri kizimeni kabisa. Hapo mtakuwa mmeokoa umeme na mafuta ya jenereta pia.

Jambo lililoniuma zaidi katika barua yako ni kiwanda. Kiwanda ndiyo pua ya nyumba ya Lamu. Waliojenga nyumba hizi hawakukiacha wazi kwa ajili ya mwanga peke yake. Hewa ya moto ya vyumbani hupandia hapo ikatoka, na ikitoka huvuta hewa ya baridi kutoka dakani, yaani barazani pa mlango wa mbele, na madirishani, bila waya wala swichi. Mlipokifunika kwa mabati yaliyobana ukuta, mliuziba mwendo huo nyumba nzima, juu na chini. Wala si lazima yaondolewe. Yainuliwe juu ya vigingi, pabaki uwazi wa sentimita 30 hivi pande zote, na kingo zitokeze nje ili mvua isipeperushwe ndani. Kama fedha zenu zatosha kazi moja tu, fanyeni hii kabla ya feni. Lakini Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa paa au kutoboa ukuta zungumzeni na mwenye nyumba na ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Lamu.

Huo uvundo nao una mahali unapotoka. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukizipaka plasta ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu hukwama ndani. Weka kiganja ukutani chini ya sanduku la kiyoyozi, kisha karibu na sakafu. Pakiwa pa baridi na pa mbichi, kwangua rangi kwa ukucha. Ikibanduka kama ngozi na nyuma yake pana unga mweupe, hiyo ni chumvi, na ukuta umeshindwa kukauka. Tazama pia ule mpira wa maji unamwaga wapi, maana nimeona mingi ikidondokea ukuta uleule wa chumba. Rangi hiyo ibanduliwe, fundi akiwa na barakoa na wenye pumu wakiwa mbali, kisha ukuta upakwe chokaa. Jiki huondoa weusi wa juu tu, kesho kuvu warudi. Tena mvuke wake huwasha macho na kubana kifua. Sabuni na maji vyatosha kwa sakafu. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini.

Uliuliza juu ya mazingira. Fundi akiwaambia kila mwaka kwamba gesi imepungua aongeze, mkatalieni kwa heshima. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua pana tundu, na tundu lizibwe kwanza. R410A, iliyo ndani ya viyoyozi vingi, hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, kwa hesabu ya miaka 100. R32 ni karibu mara 675. R22 ya mashine za zamani huharibu pia tabaka la ozoni, ndiyo maana inaondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Fundi anayefungua nati na kuiachia ipulize kichochoroni asiguse mashine zenu. Tafuteni mwenye chombo cha kuinyonyea.

Na udi. Najua asubuhi ya ofisi za kwetu bila chetezo yaonekana pungufu, lakini moshi wa udi ni chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya pafu, na chumba chenu hakina pa kuzitolea. Huficha uvundo huku ukuta ukizidi kuoza. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni vivyo hivyo. Acheni vyote viwili hapo ofisini. Mwenzenu mwenye pumu aende kliniki akapimwe pumzi, amweleze daktari kwamba hali huzidi akiwa kazini, na wakati kazi ya ukuta inaendelea ahamishiwe juu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha.