Akili mnemba si mtu aliyehamishiwa kwenye mashine
Ndugu, umeuliza kama akili mnemba ndiyo ile ile akili ya mtu iliyonakiliwa ndani ya mashine. Hapana, hivyo ni vitu viwili. Akili mnemba huundwa na wahandisi, kisha hufunzwa kwa maandishi na picha nyingi mno hadi iweze kukisia neno linalofuata au kutambua sura. Haikuwahi kuwa mtu, wala haina utoto wa kukumbuka. Kunakili akili kungedai kuusoma ubongo wa mtu fulani, seli kwa seli na kiungo kwa kiungo kinachounganisha seli hizo, kisha kuuendesha kwenye kompyuta, ili atakayezinduka humo alikumbuke jina la mama yake. Hilo bado ni dhana tu. Ramani ya seli 302 za neva za mnyoo aitwaye C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo hajaigizwa kikamilifu kwenye kompyuta, kwa kuwa ramani huonyesha nani ameunganishwa na nani bila kueleza nguvu ya kila kiungo. Ubongo wetu una seli hizo zipatazo bilioni 86.