Maswali na majibu: historia yatima kwenye hazina ya nyaraka

Wiki hii walioandika wote wanatunza nyaraka za ofisi hapa Lubumbashi, na wote wanatumia Apache Jackrabbit, programu ya kuhifadhi nyaraka pamoja na matoleo yake.

Yaya, nimefuta maelfu ya mikataba ya zamani lakini diski haikupungua. Inakuwaje? (Kampemba)

Mdogo wangu, umefuta nodi (sehemu inayobeba waraka kwenye hazina), hukufuta historia yake, yaani matoleo yake ya zamani. Nodi yenye mix:versionable (alama ya kutunziwa matoleo) ikihifadhiwa toleo, nakala huwekwa pembeni, chini ya /jcr:system/jcr:versionStorage. Nodi ikiondoka, nakala zinabaki palepale, na ni kwa makusudi: aliyefuta mkataba kwa kukosea anaweza kuurudisha kutoka kwenye toleo lake. Ndiyo maana historia yatima, yaani iliyobaki bila nodi yake, mimi siiti taka mpaka nijue ilikuwa ya nani.

Nitamtambuaje yatima wa kweli? (mama mtunza nyaraka, Katuba)

Hapa, Mama, nakuomba usikimbie. Kila historia ina sifa iitwayo jcr:versionableUuid, yaani kitambulisho cha nodi iliyoizaa. Skripti inapita historia moja moja, inachukua kitambulisho hicho na kuitafuta nodi. Ikirudi ItemNotFoundException (kosa la "haikupatikana"), wengi wanasema "yatima huyo" na kufuta.

Lakini jibu hilohilo hutoka pia pale nodi ipo, ila akaunti yako hairuhusiwi kuisoma. Niliwahi kuendesha skripti kwa akaunti ya kawaida, ikaniletea orodha ndefu ajabu. Nikachukua jina moja, nikalitafuta kwa akaunti ya msimamizi: mkataba wa mfanyakazi ambaye bado yuko kazini! Folda nzima ya wafanyakazi ilikuwa imefungwa kwa akaunti yangu. Tangu siku hiyo ninatumia msimamizi peke yake, na kabla ya kufuta ninafungua kwa mkono angalau majina ishirini ya orodha.

Tena, kwenye Jackrabbit 2 maeneo yote ya kazi (workspace) yanatumia ghala moja la matoleo. Nodi usiyoiona kwenye eneo lako huenda inaishi kwenye lingine. Tafuta kote.

Toleo moja linakataa kufutika. (komini ya Kenya)

Kama ni jcr:rootVersion, liache. Hilo ni shina, halifutwi kwa mkono. Kwenye Jackrabbit 2, ukiondoa toleo la mwisho na hakuna kinachoielekea historia hiyo, yenyewe huondoka. Ukipata kosa la ReferentialIntegrityException, kuna kitu bado kinalielekea toleo hilo. Kitafute kwanza, maana huenda huyo hakuwa yatima.

Usijaribu kufuta moja kwa moja ndani ya versionStorage, ghala hilo limelindwa. Tumia amri ya removeVersion, na ujue haisubiri save: toleo linaondoka papo hapo. Umeme ukikatika katikati, yaliyokwisha kuondoka hayarudi. Nakala ya akiba kwanza, kwenye diski nyingine.

Nimemaliza yote, diski bado imejaa! (Kampemba tena)

Skani zenyewe za nyaraka zinakaa kwenye DataStore, ghala la mafaili makubwa, na faili lililo sawa kabisa huhifadhiwa mara moja tu hata likitumika na nyaraka kumi. Endesha ukusanyaji wa taka (garbage collection) wa DataStore, unaofuta mafaili yasiyotumika tena. Kwenye Oak, yaani Jackrabbit ya kizazi kipya, safisha kwanza marekebisho ya zamani, la sivyo bado yanazishikilia. Na hukohuko kwenye Oak faili ambalo halijatimiza saa 24 huachwa kwa kawaida, basi pima diski baada ya siku mbili.