Hoja zimekuyumbisha? Usitangaze bado

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili hapa Dodoma, mijadala ya usiku hosteli imekufikisha mahali huamini tena ulicholelewa nacho, na unauliza uwaambieje wazazi ukienda likizo. Swali hilo limewahi. Kuna kazi kabla yake.

Pambanua kwanza kilichoyumba. "Mungu yupo" ni jambo moja, "viongozi wetu wanakula sadaka" ni lingine, na "nimechoka na maisha ya nyumbani" ni la tatu kabisa. Mijadala mingi hupiga la pili, mtu akabomoa la kwanza. Kwenye siasa ni hivyo hivyo: anayemchukia mwenyekiti wa mtaa hudhani amekataa itikadi.

Kisha shika kalamu. Andika dai lililokutikisa kwa sentensi moja yenye neno "kwa sababu", na chini yake andika ni kitu gani, kikithibitika, kingekurudisha ulikotoka. Ukikosa cha kuandika, bado huna hoja, una hisia. Jipe alama za uhakika, 0 hadi 10, usiku ule ule wa mjadala. Rudia baada ya siku tatu, ukiwa umelala na kula vizuri. Zikishuka kutoka 8 hadi 4, ulizidiwa na msemaji tu.

Na kuzidiwa na msemaji ni rahisi mno kwa mtindo wetu wa mihadhara. Mtu anamwaga aya sita kwa dakika mbili, na kila moja inahitaji nusu saa kujibiwa kwa haki. Anayenyamaza kufikiri anahesabiwa kashindwa. Dawa yake ni aya moja kwa jioni moja, mkisoma sura nzima, si mstari uliokatwa. Linganisheni na tafsiri pia. Kurani ya Kiswahili ya Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hulipinga, ilitoka 1953. Ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ikatoka 1969, na ndani yake anawajibu wale waliotangulia. Ukisoma maelezo ya moja tu utadhani hakuna ubishi. Kwa Biblia weka Union Version ya 1952 kando ya Habari Njema.

Jadilini wawili, simu pembeni, bila mashabiki. Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka aseme "hapo umenipata". Asiposema, hujapata ruhusa ya kujibu. Inachosha, na jioni nzima mtamaliza hoja mbili tu, lakini hizo mbili mtakuwa mmezimaliza kweli.

Usijifunze Ukatoliki kwa aliyeuacha kwa hasira, wala Uislamu kwa mhubiri anayeishi kwa kuupinga. Mjini hapa kuna Kanisa Kuu la Anglikana, kuna Msikiti wa Gaddafi, kuna parokia kila upande. Omba miadi siku ya kawaida, si Ijumaa wala Jumapili, nenda na maswali mawili yaliyoandikwa. Ukibeba ishirini utapewa hotuba.

Kwa upande wa siasa, mfano mzuri tunao nyumbani. Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vingi, ilikuta karibu watu wanane katika kumi wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikarudi. Ukitazama ndani, wengi wa hao wanane walitaka chama chenyewe kibadilike sana. Kwa hiyo jibu la "ndiyo" lilikuwa limebeba madai kadhaa. Msimamo wako nao uchambue hivyo hivyo kabla ya kuutupa mzima mzima. Bahati nzuri, mpiga kura akibadili mawazo hapotezi kitu na kura ni siri. Mbunge au diwani akihama chama ndiye anayeacha kiti.

Dini ina gharama zaidi, na milango yake haifanani. Kwa Wakatoliki ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, huchukua miezi mingi, na ubatizo wa watu wazima kwa kawaida huwa mkesha wa Pasaka, kwa hiyo muda wa kufikiri umo ndani ya safari. Kwa Waislamu, shahada, yaani tamko la kuingia Uislamu, ni dakika moja; kufikiri kote ukumalize kabla. Ukienda kwa Wasabato, uliza mapema kuhusu mitihani ya Jumamosi. Jiulize pia: huyu aliyenishawishi (hasa akiwa mchumba) akiondoka kesho, hoja inabaki?

Sheria haikuzuii. Ibara ya 19 ya Katiba inataja wazi uhuru wa kubadili dini. Kizuizi ni sebuleni, na huko hakuna atakayekuuliza kuhusu Utatu. Wazee watauliza utazikwa na nani, utaoa wapi, na kwenye misiba ya ukoo utakaa wapi. Uwe na majibu. Usiseme msibani wala sikukuu, na usiseme mbele ya watu. Anza na baba mdogo au shangazi anayesikilizwa, yeye apeleke habari, wewe ufuate. Kama ada na nauli vinatoka kwa baba, hilo nalo lipange kabla, maana boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halitoshi kila kitu.

Jina kwenye vyeti usiliguse sasa. Ubatizo na shahada vinakamilika bila kubadili karatasi hata moja, na jina la NIDA (kitambulisho cha taifa) likishatofautiana na la cheti cha kidato cha nne utazunguka na viapo kila unapoomba kazi.